Sauti ya Mwinyimvua Inaondoka na Mwenyewe

Nani aliyeandika kwenye ratiba ya Jumamosi kwamba baada ya pilau "sauti ya Mzee Mwinyimvua itawaaga wageni kupitia mashine"? Akash, najua ni wewe, usitazame pembeni. Mtu mwenyewe atakuwa amekaa pale mbele, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya kichwani, ulimi wake mzima, halafu mnaleta kompyuta imsemee? Bwana harusi yupo mlangoni, nyie mnaingiza picha yake kwenye nikaha? Hebu nipisheni. Mmeniomba niandike wasifu wa mstaafu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, nami nitauandika. Lakini hilo la mashine tutalimaliza humuhumu, na wageni wote wasome.

Haya. Mwinyimvua Abubakary anastaafu Jumamosi hii, tarehe 31 Januari, baada ya miaka thelathini na mbili ya kutangaza kwenye gari la spika la duka letu, Shashikant Sauti na Mabango, hapa Narung'ombe, Kariakoo. Kwa mgeni asiyetujua, sisi tunakodisha spika, maiki, jukwaa na mabango. Ukiwa na harusi, mnada, ufunguzi wa duka au mkutano wa chama, unakuja kwetu. Mimi, Bi Tatu, nashona mabango na bendera tangu duka lina cherehani moja. Mwinyimvua ndiye anayepita mitaani na ile pikapu ya Pijo yenye spika mbili za tarumbeta juu ya paa, akiwaeleza watu kuna nini, wapi, na saa ngapi. Kama umekulia Ilala na hujawahi kuamshwa na sauti yake, basi ulikuwa unalala kwa watu.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa Feri, kwenye mnada wa samaki. Kijana mrefu, mwembamba kama mpini wa fagio, shati limejaa magamba, lakini akinadi changu watu wanasimama ng'ambo ya barabara wamsikilize tu, hata kama hawana hela ya dagaa. Marehemu mzee Shashikant, babu yake Akash huyu anayeshika duka sasa, hakuonja samaki maisha yake yote, dini yake haikumruhusu. Siku hiyo alikwenda Feri kupeleka spika kwa mteja. Wengine huko hurudi na kolekole, yeye akarudi na Mwinyimvua. Alimpandisha garini na magamba yake, akamleta dukani, akaniambia, "Tatu, mtafutie huyu shati." Nikamshonea la kitambaa kilichobaki kwenye bendera. Ndiyo maana picha yake ya kwanza ya kazini amevaa shati la kijani upande mmoja na la njano upande wa pili. Mnaocheka, chekeni. Alilivaa mpaka likachanika.

Mwaka uliofuata ukawa ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na Mwinyimvua akapewa mgombea wake wa kwanza amtangaze. Lugha ya siasa alikuwa hana. Akamnadi yule bwana kama alivyozoea kunadi: "Mbichi huyu, mbichi! Tazama macho yanavyong'aa! Huyu hajalala kwenye barafu! Nani anamchukua?" Mtaa wa Sikukuu wote ukavunjika mbavu. Wauza vitenge waliacha wateja wakatoka nje. Mgombea mwenyewe alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, akanuna mpaka shingo ikavimba. Jioni akaja dukani, tukajua leo tumekwisha. Akamwambia mzee Shashikant, "Kesho nipe yuleyule. Na lile la macho alirudie."

Tangu hapo vyama vyote vikawa vinamtaka. Mzee Shashikant alikuwa na msimamo mmoja: maiki haina chama, ina bei. Basi asubuhi Pijo linatoka na bendera ya hawa, mchana linarudi dukani, nabadilisha bendera, linatoka na ya wale. Mwinyimvua alikuwa anabadilisha na kofia. Siku moja akasahau. Yuko katikati ya Kariakoo anawasifia wa mchana, kofia ya wa asubuhi ipo kichwani, watu wakaanza kumzomea, "Kofia! Kofia! Mzee, kofia!" Akaishika, akaitazama, akasema kwenye maiki bila haya, "Kofia inawaeleza ya asubuhi, nyie sikilizeni ya mchana." Wakampigia makofi. Hata wenye kofia walimpigia makofi. Nyie wa siku hizi mngetukanana kwenye simu wiki nzima.

Enzi hizo kura ilikuwa inatafutwa kwa miguu. Redio ilikuwa ya kahawani, mmoja anashika kitufe, wengine wanashika vikombe. Gazeti moja lilisomwa na baraza zima, likimalizika linafungiwa maandazi. Ukitaka kumjua mgombea unakwenda mkutanoni, unamwona anavyotoka jasho, unamwona anavyomjibu mama aliyemuuliza kuhusu maji. Mimi nilikuwa natazama viatu. Mgombea mwenye viatu visivyo na vumbi hajapita uchochoroni kwetu, amepitishwa barabara ya lami. Kura yangu hakupata.

Kisha ikaja runinga, na wagombea wakaanza kupakwa poda. Mmoja alitoka studio akaja moja kwa moja dukani kwetu kulipia spika, mvua ikamkuta mlangoni. Nikampa kanga ajifutie. Poda yote ikabaki kwenye kanga yangu, akabaki na uso wa kawaida kama wetu, nikamwambia, "Baba, ungebaki hivihivi ungependeza." Alicheka. Hakusikia. Alipokwenda tena kwenye runinga alipakwa zaidi.

Zikaja simu. Asubuhi moja yangu ikalia, nikakuta ujumbe: "Ndugu mpiga kura, naomba kura yako." Nami mtu mzima, nikamjibu kwa adabu kwamba nimeupata, je, ule mtaro wa nyuma ya soko utazibuliwa lini? Simu ikaniambia ujumbe haujaenda. Nikatuma tena. Haujaenda. Mtu anakuja kukuomba kitu, halafu mlango wa kujibiwa ameufunga kwa ndani! Hiyo adabu kafunzwa wapi? Mwinyimvua alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu yeye akipita na Pijo watu walikuwa wanamjibu hapohapo dirishani. Akisema mgombea ataleta maji, kuna mtu anatoa kichwa ghorofani anapiga kelele, "Muulize ya mara iliyopita yamefika wapi!" Naye jioni anakwenda kwa mgombea, anamweleza neno kwa neno, hachuji. Ilikuwa kazi ya pande mbili. Wagombea wawili walimkasirikia kwa hilo, na mmoja alizibua mtaro.

Sasa hivi ndiyo mambo yote yamo kwenye kiganja. Mgombea akija mtaani anakuja na watu watano wa kumpiga picha na mmoja wa kumbebea maji ya kunywa. Wana kile kidude kinachoruka juu na kuvuma kama nyuki. Siku ya kwanza kilipopita juu ya banda la kuku wa Kariakoo, kuku walidhani mwewe, wakalala kifudifudi wote, na muuzaji akadai fidia. Mikutano nayo wameihamishia kwenye vichochoro. Mnajua kwa nini? Uwanjani watu mia mbili wanaonekana wachache. Uchochoroni watu haohao wanabanana, picha ya juu inatoka imejaa kama sikukuu. Nimeshona mabango ya mikutano hiyo, nimekwenda mwenyewe nimekanyagwa vidole, jioni naoneshwa picha naambiwa walikuwa maelfu.

Na mabango yenyewe siku hizi hayashonwi, yanachapwa kwa mashine ya Akash, uso wa mtu mkubwa kuliko mlango. Sina ugomvi nayo. Bango la mgombea mmoja wa zamani linafunika mkaa wangu wakati wa masika hadi leo, halivuji hata tone. Katika wote niliowapigia kura, huyo ndiye aliyenisaidia kwa muda mrefu zaidi.

Sisemi kila kipya ni kibaya, msije mkasema Bi Tatu ni mzee wa zamani. Nimeona karatasi ya matokeo inabandikwa mlangoni mwa kituo, na kabla gundi haijakauka vijana wameshaipiga picha na imefika Gerezani, Buguruni mpaka Kigamboni. Hapo wa kuongeza sifuri njiani anapata tabu. Nimeona wanawake wasio na hela ya jukwaa wanajinadi kwa simu jikoni kwao, sufuria inachemka nyuma, na watu wanawasikiliza. Hilo zuri. Mwinyimvua mwenyewe alilipenda, alisema siku hizi kila mtu ana Pijo lake mfukoni.

Sasa nije kwenye jambo la maana, ambalo watu wa ofisini wameliruka kwenye maelezo yao waliyonipa, wakaandika eti "mchango mkubwa katika sekta". Sekta gani? Mwinyimvua ana desturi moja, na hiyo ndiyo kazi yake hasa, mengine ni kelele.

Anapotangaza, akiona turubai la msiba limefungwa mtaani, anazima spika kwenye kona kabla hajafika. Pijo linaegeshwa. Anashuka, anavua kofia, anakwenda kwa miguu, anatoa pole kwa wafiwa, anakaa kidogo. Kama kuna la kuwaambia, anawaambia kwa mdomo mtupu, kwa sauti ya chini, kama mtu wa nyumbani. Kisha anarudi garini, na hawashi mpaka avuke kona ya pili. Awe ametumwa na mgombea wa ubunge au na muuza sabuni, ni hivyohivyo. Mgombea mmoja alimfokea kwamba amelipia sauti mtaa mzima, sasa kwa nini nusu mtaa inapita kimya? Mwinyimvua akamwambia, "Mheshimiwa, wafiwa nao wanapiga kura. Na wana kumbukumbu nzuri." Yule akashuka naye akatoa pole.

Basi. Duka lilipopungukiwa kazi, Akash akaja na wazo lake. Akash ni mtoto mzuri, nimempakata akiwa na nepi, nasema mbele yake. Alimweka Mwinyimvua chumba cha ndani akamsomesha maneno siku mbili, mashine inasikiliza. Mwinyimvua naye, kwa kujipenda, alikwenda kurekodiwa sauti akiwa amevaa suti. Suti! Nikamuuliza, "Mashine ina macho?" Akanijibu kwamba sauti ya mtu aliyevaa suti hutoka imenyooka. Baada ya hapo ikawa Akash anaandika tu, mashine inasema kwa sauti ya Mwinyimvua, na tangazo linapelekwa kwenye makundi ya simu: magodoro yamewasili, mapazia yamepunguzwa bei. Mwinyimvua yuko kwake amelala chali, sauti yake iko kazini Kariakoo. Alifurahi. Alituambia yeye sasa ni wawili. Mkewe, Bi Badria, akasema mmoja alikuwa anamtosha.

Ndipo ukaja uchaguzi wa mtaa wetu. Wa mwenyekiti, si wa rais, lakini mwenyekiti ndiye anayegonga muhuri wako ukitaka barua, kwa hiyo watu walijiandaa. Kituo kilikuwa uwanja wa shule, kama siku zote. Asubuhi ile mimi na Mwinyimvua tumekaa kibarazani dukani na kahawa, foleni inaanza kujipanga kule, tukasikia bajaji inakuja na spika, na sauti inasema: "Ndugu wakazi, ndugu wakazi! Kituo cha kupigia kura kimehamishwa! Sasa ni Mchikichini, uwanja wa nyuma ya soko!" Mwinyimvua akaweka kashata chini, akatega sikio, akasema, "Huyu anatangaza vizuri sana. Nani huyu?"

Nikamwambia, "Ni wewe."

Sijawahi kumwona mtu mweusi akageuka kijivu, siku hiyo niliona. Bajaji ikapita mbele yetu, ndani hamna mtu wa kusema, kuna kisanduku tu na dereva aliyekodiwa, anatafuna muhogo. Na simu zikaanza kulia, tangazo lilelile limeshaingia kwenye makundi. Waliichota sauti kwenye yale matangazo ya magodoro, wakailisha mashine yao. Nani? Polisi walihoji, hawakumpata. Mimi nina ninayemshuku, naye akisoma hapa ajue nimemtaja bila kumtaja.

Na watu waliamini, mnawalaumu? Walishazoea Mwinyimvua kuwajia kwenye simu. Tuliwazoesha wenyewe, kwa ajili ya magodoro. Mtu amemsikia Mwinyimvua miaka thelathini, hajawahi kumdanganya mahali wala saa. Akisema mkutano ni Mnazi Mmoja, ni Mnazi Mmoja. Foleni ya shule ikaanza kukatika, wanawake wamebeba watoto, wazee na mikongojo, wote wanaelekea Mchikichini juani. Wengine walirudi mbio, kule hamna kitu ila nguo za mitumba, wakamkuta Mwinyimvua barabarani, wakamshambulia. Mama mmoja alimwambia mbele za watu, "Mwinyimvua, wamekununua kwa bei gani? Si ungetuambia tuchange sisi!" Kura za mtaa zilikuwa zinapotea, na jina lake lilikuwa linapotea nazo, kwa mdomo wake mwenyewe.

Alikwenda kwa msimamizi wa kituo, mama mmoja mkali, akamwomba ruhusa ya kupita. Yule mama akasema pita, useme kituo hakijahama, neno jingine lolote ukisema nitakufunga mimi mwenyewe. Pijo likatoka. "Ndugu wakazi, ni mimi Mwinyimvua! Kituo hakijahama! Rudini shuleni!" Mnadhani ilisaidia? Watu walisimama katikati ya njia hawajui wafuate ipi. Sauti ni ileile! Kijana mmoja mwenye simu mbili akawa anawaelimisha wenzake, "Hii ya gari ndiyo ya kompyuta, si unasikia inavyokwaruza?" Ilikuwa inakwaruza kwa sababu mtu alikuwa anakaribia kulia. Mwinyimvua akaapa, akapiga mlango wa gari kwa kiganja, akataja jina la mama yake. Kijana akasema kompyuta siku hizi zinaapa pia.

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake kwenye Pijo, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Tulikuwa tunaelekea Mtaa wa Mafia, ambako Eliasi, yule fundi viatu, alikuwa amefiwa na mama yake usiku wa jana yake. Turubai limefungwa, wanawake wamejaa kwenye mikeka. Kila dakika mtu mwingine anakata tamaa anakwenda zake nyumbani bila kupiga kura. Nikamwambia, "Pitiliza, leo Mungu atakuelewa." Kwenye kona mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi, akazima. Kimya. Akashuka, akavua kofia, akaenda kwa miguu mpaka kwa Eliasi, akamshika mikono miwili, akampa pole. Akakaa. Baada ya hapo ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba kituo hakijahama, atakayeweza aende shuleni, asiyeweza anaelewa.

Kabla hajamaliza, shangazi yake Eliasi akasimama mkekani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya. Akasema, "Huyu ndiye! Huyu ndiye Mwinyimvua! Yule wa kwanza alitupigia kelele hapa marehemu yumo ndani, tunasali, akapita bila hata kupunguza! Nilisema mimi, si nilisema? Nilisema yule si Mwinyimvua, Mwinyimvua hawezi!" Wenzake wote, "Ulisema!" Akachukua simu yake, mkono mmoja unafuta machozi ya msiba, akabonyeza akasema humo: "Jamani, Mwinyimvua wa kweli ni huyu aliyezima kwenye turubai la Eliasi. Yule wa bajaji ni mwongo, rudini shuleni." Wanawake wote wa mkekani wakafanya vilevile, kila mmoja kwenye kundi lake, la vikoba, la kanisa, la madrasa, la wauza mchicha. Hakuna aliyeuliza sauti ipi inakwaruza. Walichouliza ni kimoja tu: amezima? Amezima. Basi ni yeye.

Mtu mmojammoja, halafu makundi, halafu mtaa mzima ukageuka. Walitoka Mchikichini wanacheka wenyewe kwa ujinga wao. Mzee Zakayo, fundi saa wa pale kona, alirudi na jozi ya viatu vya mitumba ameibana kwapani, ati asipoteze safari. Akaingia foleni navyo, akampita Mwinyimvua, akamwonyesha, akamwambia, "Pacha wako ana jicho zuri la viatu, mpe asante." Yule mama aliyemwambia amenunuliwa alikuja na chungwa lililomenywa, akamtia mkononi. Hiyo ndiyo radhi ya Kariakoo. Tulipiga kura mpaka wa mwisho. Aliyeshinda alishinda, aliyeshindwa alishindwa, na karatasi ilipobandikwa mlangoni ilipigwa picha nyingi kuliko bibi harusi. Jioni watu walimbeba Mwinyimvua juujuu mpaka dukani, naye kwa kujipenda akadai wampitishe Sikukuu kwanza, kule kuna watu wengi zaidi.

Tangu siku hiyo mashine haikutangaza tena, Akash aliizima mwenyewe, alilia, nami nilimfutia machozi kwa kanga ileile ya poda. Lakini hakuifuta. Ameiweka. Anasema ni kumbukumbu, ni heshima, kwamba Mwinyimvua akishaondoka sauti yake ibaki dukani, uchaguzi ukija watu wapate faraja ya kuisikia. Ninajua ameyasema kwa mapenzi. Na Mwinyimvua, nisimfiche, moyoni alitamani, maana nani hapendi kuambiwa hatakufa? Alikuja kuniuliza juzi nimeonaje. Nikamuuliza swali moja: mashine itajuaje kuna turubai? Akavua kofia, akaishika mapajani. Kisha akasema, "Mwambie mtoto aifute. Mimi nitashindwa."

Kwa hiyo nakwambia mimi, Akash.

Kabla ya hapo shukrani, maana ndizo zilizotuleta. Mwinyimvua, umetutangazia harusi zetu, na watoto waliopotea sokoni umewaita kwa majina mpaka wakapatikana, na wagombea umewanadi wabichi na wengine waliokaa barafuni muda mrefu. Hukutudanganya. Kelele zako zimelisha nyumba nyingi za duka hili, na ya kwangu imo. Vuka na pantoni ukapumzike kwako Kigamboni, ule samaki wako bila kuwanadi, wajukuu wakukalie mapajani, na afya ikushike vizuri. Bi Badria ameniomba niongeze kwamba nyumbani nako kuna kona, na spika inazimika. Shukrani na kwako, Badria, miaka yote hiyo uliishi na tarumbeta mbili juu ya paa na ya tatu kitandani.

Sasa sikilizeni. Akash, leo hii, usisubiri Jumamosi, kaa mbele ya hiyo mashine uifute sauti, mimi na Badria tumesimama nyuma yako tunaona kwa macho, na kama kuna nakala mahali pengine itafute uifute nayo. Ile mistari ya kwenye ratiba ikate kwa kalamu nyekundu, andika pale: Mwinyimvua atawaaga mwenyewe. Na wewe Husna, uliyetoka kuita wateja wa mitumba Mchikichini, uliyefundishwa na Mwinyimvua miaka miwili hii ukiwa umekaa pembeni yake garini, Jumatatu asubuhi maiki ni yako. Usimwigize. Tangaza kwa sauti yako. Mtaa wa Swahili kuna turubai limefungwa tangu jana, na Jumatatu litakuwa bado lipo. Ukifika kona, zima, ushuke, utembee.